"Kupimwa" Si Neno Moja

Kila Oktoba nchi hii huvaa waridi. Matembezi, fulana, keki zenye utepe, na bango lile lile: Mama, nenda ukapimwe. Nani atapinga? Mimi napinga. Sipingi vipimo. Napinga hilo neno.

Kiswahili chetu kimeweka mambo mawili chini ya neno moja. Mwanamke asiye na dalili, anayetafutiwa ugonjwa kabla haujajitokeza, anapimwa. Mwenye uvimbe aliougusa mwenyewe akioga, naye pia anapimwa. Jamani, hao si watu wa foleni moja. Wa pili anahitaji jibu, na Kenya saratani nyingi za matiti hugunduliwa kwa watu kama yeye, tena mara nyingi zikiwa zimeshakomaa.

Tuanze na mamogramu, malkia wa Oktoba. Ni eksirei: titi linabanwa, picha inapigwa. Uzuri wake ni kuona chembe ndogo za kalisi ambazo mkono hauzigusi na ambazo ultrasaundi huzikosa mara nyingi. Ndiyo maana inawafaa wasio na dalili, na miongozo ya taifa ya 2018 huwaanzia miaka 40. Lakini kwenye picha hiyo tishu nzito ya titi ni nyeupe, na uvimbe ni mweupe vilevile. Ni kutafuta chumvi ndani ya sukari. Na matiti mazito ndiyo wanayo wengi wa umri mdogo.

Hapo ndipo ultrasaundi inapoingia. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, hutofautisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu, na huiongoza sindano ya biopsi. Kasoro yake? Inategemea sana mkono na jicho la anayeishika.

MRI, yenye sumaku na dawa ya kung'arisha picha, huona mengi, hata yasiyo na madhara. Inawafaa hasa wenye hatari kubwa ya kurithi, kama wenye mabadiliko ya jeni za BRCA1 na BRCA2. Halafu kuna wanaouza picha za joto, ati hazibani wala haziumi. FDA ya Marekani imeonya kwamba hizo haziwezi kuchukua nafasi ya mamogramu. Ukiuziwa, shika kibeti chako.

Na picha zote hizo hushuku tu. Anayethibitisha ni mwanapatholojia, akiangalia kipande cha uvimbe kwenye darubini.

Shangazi yangu alikuwa na miaka 36 na uvimbe wa ukubwa wa korosho. Kambi moja ya bure ilimpiga mamogramu, ikampa karatasi: hakuna kilichoonekana. Hakuna aliyeugusa ule uvimbe. Tulichinja kuku. Miezi minane baadaye alipofanyiwa biopsi, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani. Alikuwa amepimwa, si ndiyo?

Mtaniambia tatizo ni mashine. Mwaka 2015 serikali ilianza kukodi vifaa vya hospitali mbili kwa kila kaunti. Kamati ya Seneti iliyochunguza mkataba huo ilitoa ripoti yake 2020: kuna vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa wataalamu, hata umeme. Chuma kilifika, mtu wa kukitumia hakuletwa. Wenzetu wa Rwanda, katika hospitali ya Butaro, waliwafundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kufanya ultrasaundi ya matiti. Hawakungoja bingwa ashuke kutoka mbinguni.

Mtaniambia pia kampeni zinaamsha watu. Sawa. Lakini ukimwamsha mtu usiku wa manane, mwonyeshe mlango uko wapi. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo: mwenye dalili apate jibu kamili ndani ya siku 60. Nionyesheni kaunti inayoihesabu hizo siku kama tunavyohesabu fulana.

Kwa hiyo Oktoba ijayo nataka mabango mawili. La kwanza: Huna dalili na umefika miaka 40? Njoo upigwe mamogramu. La pili, kwa herufi kubwa zaidi: Una uvimbe? Usipange foleni ile. Pita huku, uguswe, upigwe ultrasaundi, udungwe sindano ya biopsi, na usikubali kurudishwa nyumbani na karatasi isiyosema uvimbe wako ni nini.