Kisu Si Adui wa Mzazi, Adui ni Kuchelewa

Wapo watu, katika vijiji vya Shinyanga na kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, wanaodai kuwa mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji ameshindwa uzazi, na kwamba madaktari wana pupa ya kisu. Madai hayo ni ya kupotosha, na hapana budi yapingwe, maana yanaua.

Upasuaji wa dharura hauna hatari moja kwa kila saa. Mzazi akipasuliwa katika hatua ya kwanza ya uchungu, njia ikiwa haijafunguka yote, kwa kawaida kichwa cha mtoto hakijazama sana, na kumtoa huwa rahisi zaidi. Akipasuliwa katika hatua ya pili, baada ya kusukuma muda mrefu bila mafanikio, kichwa huweza kuwa kimekwama ndani ya nyonga. Sehemu ya chini ya mji wa mimba huwa imetanuka na kuwa nyembamba. Huchanika kwa urahisi, damu nyingi ikamwagika, na kibofu kikajeruhiwa. Mtoto naye huweza kuumia anapokwamuliwa. Kisu ni kile kile. Kilichobadilika ni saa.

Hii haina maana kwamba kila mzazi apasuliwe mapema. Kovu la upasuaji usio wa lazima ni hatari kwa mimba ijayo, na katika hatua ya pili wapo wanaoweza kusaidiwa kwa chombo cha kuvuta mtoto. Kinachotakiwa ni uamuzi wa wakati.

Nani basi anazipoteza saa hizo? Ni jamaa wanaomweka mzazi nyumbani na kumnywesha dawa za kuongeza uchungu, ambazo huweza kupasua mji wa mimba. Ni mhudumu anayejaza patografu baada ya mtoto kuzaliwa, ilhali kazi yake ni kuonya mapema. Ni kiongozi anayekata utepe wa jengo la upasuaji, kisha akasahau damu, umeme na mtaalamu wa usingizi.

Umaskini si kisingizio cha kutosha. Mgodi mkubwa wa Geita umechimba dhahabu tangu mwaka 2000, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za madini zipange na halmashauri michango yao kwa jamii. Mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unaitikia simu 115 bila malipo. Vifo vya wazazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Mafanikio hayo si ya kulalia.

Kila halmashauri itangaze hadharani muda unaopita tangu daktari aamue hadi mtoto atolewe, na anayezembea awajibishwe. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Kwa mzazi aliyekwama, methali hiyo si mzaha.