Ruhusa ya Baba Iandikwe Kabla Mtoto Hajazaliwa



Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja wa hapa Wiyoni, mfanya kazi wa hoteli, uso umemshuka. Mkewe alikwenda kujifungua kwa mamake huko Faza, kama ilivyo desturi yetu hasa kwa mtoto wa kwanza. Habari ya uchungu ilimfikia usiku kwa simu. Alfajiri akashuka gatini, akapanda mashua ya kwanza, na salamu za kumwambia meneja akamwachia mwenzake. Aliporudi siku ya nane, akika imekwisha, alikuta ameandikwa mtoro na siku zote zimekatwa katika mshahara. "Hukuomba ruhusa," akaambiwa. Na kweli hakuomba, ingawa pale kazini wote, na meneja pia, walijua ya kuwa mke wake ni mja mzito.

Hatumlaumu kijana. Lakini tulipolichukua shauri lake tuliona jinsi mkono wetu ulivyo mwepesi pasipo karatasi.

Haki yenyewe haina ubishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mfanya kazi mwanamume majuma mawili ya likizo kwa mshahara kamili mkewe anapozaa. Wazee wetu hawakuwa nayo. Sheria ya 1976 haikumjua baba kabisa, na mama mwenyewe alipewa miezi miwili, kisha akanyang'anywa likizo yake ya mwaka huo. Kwa jirani zetu, sheria ya Tanzania ya 2004 iliweka siku tatu, na ile ya Uganda ya 2006 siku nne za kazi. Basi majuma mawili si kitu cha kutupa.

Tatizo ni kwamba sheria imetaja haki ya baba kwa mstari mmoja tu, ikanyamaza. Kwa mama imeeleza njia: atoe taarifa kwa maandishi siku saba kabla, au muda mfupi zaidi ikiwa hapana budi, na mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga ataonyeshwa. Kwa baba haikusema aombe lini, siku zianze kuhesabiwa lini, wala ikiwa Ijumaa yake ya mapumziko imo ndani ya hesabu. Katika nafasi hiyo tupu ndimo waajiri wapitamo. Yafaa tuijaze sisi, na tuijaze mapema.

Twashauri hivi. Mimba ikifika mwezi wa saba, mwandikie mwajiri barua. Usiandike tarehe. Andika "tangu siku atakayojifungua mke wangu." Mtoto hasomi kalenda, na twamjua mwenzetu aliyepewa majuma mawili kwa tarehe ya kadi ya kliniki, akayamaliza barazani akingoja, mtoto akaja yeye amekwisha kurudi kazini. Taja mahali mkeo atakapokuwa. Kama ni Faza au Kizingitini, liseme hilo wazi, kwa maana mashua hungoja maji, na wakati wa kusi hungoja na upepo pia. Omba ikubaliwe kwamba taarifa ya simu siku ile yatosha, na karatasi ya kuzaliwa mtoto utaileta ukirudi. Ongeza jina la mwenzako aliyekubali kushika zamu yako. Kisha mwajiri atie sahihi nakala, na nakala ukae nayo.

Twajua waajiri nao wana shida yao. Hoteli ndogo ya Shela yenye watumishi watano haiwezi kumkosa mmoja ghafla mwezi wa Desemba wageni wamejaa. Ndiyo sababu twasema apewe habari miezi miwili mbele. Lakini "tuna wageni" ni neno la kupanga zamu, si neno la kukataa. Na akikwambia uchukue katika siku zako 21 za mwaka, usikubali. Hizo ni mbali na hizi ni mbali.

Wengine waogopa kwamba kuomba tu kutawafukuzisha. Wasome kifungu cha 46. Kwenda likizo ya haki, au hata kusema unataka kwenda, si sababu ya halali ya kumwachisha mtu kazi. Ni kifungu hicho hicho kinachotulinda tusifukuzwe kwa kuwa wanachama.

Na vibarua? Wajenzi wetu wengi walipwa jioni kwa jioni, nao hudhani hawana chao. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi, na akiendelea hata miezi miwili au zaidi hustahili masharti kama asiyekuwa kibarua tangu mwanzo. Basi andikeni siku zenu daftarini, kila siku.

Wako wazee wanaocheka, wakiuliza mwanamume atafanya nini na mzazi yumo ndani ya arobaini. Twawajibu kwa heshima: nani atakayemchukua hospitali damu ikimzidi usiku? Nani atakayelala na wale wakubwa, na bibi yao siku hizi yuko Mombasa? Siku kumi na nne katika arobaini zaacha ishirini na sita bado. Sheria yaruhusu mapatano ya chama na mwajiri kupita kiasi chake, na katika mapatano yajayo tutaomba zaidi, pamoja na hiyo njia ya kuomba iandikwe humo.

Kwa sasa, mwanachama ambaye mkewe ni mja mzito na amfikie katibu baada ya Alasiri. Barua ya mfano iko tayari, na asiyeweza kuandika ataandikiwa. Ya yule kijana bado twaifuatia.