Futi 20 au futi 40? Kontena la ofisi kwa ploti za Kisii na Nyamira

Wiki hii naweka programu kando kidogo niandike kuhusu swali ninaloulizwa karibu kila nikienda nyumbani. Kijana ana tarakilishi tatu au nne, ana kazi za mtandaoni, anataka ofisi ya kontena. Pesa amekusanya kidogo kidogo, nyingine ni za chama. Anataka kujua anunue la futi 20 au la futi 40.

Marekani swali kama hili huulizwa na wanaonunua trela za kulala, zile nyumba ndogo zinazovutwa nyuma ya gari. Pale dukani kila mtu huipenda ile ndefu yenye kitanda kipana na jiko. Kisha anafika kwenye uwanja wa kambi katika hifadhi ya taifa na kukuta nafasi zilipimwa miaka mingi kabla trela ndefu hazijawa za kawaida. Yake haiingii. Ndiyo maana wenye uzoefu huuliza kwanza watalala wapi, ndipo wachague trela.

Huku Gusii hatuvuti nyumba nyuma ya gari. Trela yetu ni kontena: chumba kinachobebwa kwa lori, kinashushwa mahali, na siku moja kinabebwa tena. Na ushauri wangu ni ule ule. Anza na ploti na barabara. Kwa sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira jibu ni futi 20, na ukihitaji nafasi zaidi, chukua mawili ya futi 20 badala ya moja la futi 40.

Najua wengi hawatakubali. Haya, tupige hesabu pamoja.

Vipimo kwanza

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 kwa nje. La futi 40 lina mita 12.19. Upana ni mmoja kwa yote mawili: mita 2.44 kwa nje, na karibu 2.35 kwa ndani. Sakafu ya la kwanza ni kama mita mraba 14, ya la pili kama 28. Likiwa tupu, la futi 20 lina uzito wa tani 2 na zaidi kidogo, na la futi 40 linakaribia tani 4.

Vipimo hivi havikushuka kutoka mbinguni. Malcom McLean alipopakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X mwaka 1956, kutoka Newark hadi Houston, hapakuwa na kipimo cha pamoja. Kampuni yake, Sea-Land, ilitumia futi 35. Matson, iliyokuwa ikisafirisha mizigo kwenda Hawaii, ilitumia futi 24. Kila moja ilipima kulingana na barabara zake na mizigo yake, kama programu mbili zisizoweza kusomeana faili. Kiwango cha ISO kilipotoka mwaka 1968 ndipo futi 20 na 40 zikawa lugha ya dunia nzima. Lakini waliokubaliana walikuwa wakifikiria meli, reli na barabara kuu. Hakuna aliyekuwa akifikiria kilima cha Manga.

Urefu haukupi upana

Watu wanaposema kontena la futi 40 lina starehe zaidi, wanafikiria chumba kikubwa. Si chumba kikubwa. Ni korido ndefu.

Ukishapiga mbao na kinga ya joto kwenye kuta, unabaki na upana wa kama mita 2.25. Weka meza ya sentimita 60 upande mmoja. Mtu aliyekaa kitini anachukua sentimita 75. Unabaki na sentimita 90 za kupita, na hiyo ni ofisi nzuri. Sasa jaribu kuweka meza pande zote mbili. Meza zinakula sentimita 120, zinabaki 105 za viti vya pande zote, watu wakipeana migongo. Aliye mwisho kabisa akitaka kwenda msalani, wote wanasimama. Kurefusha kontena hakuondoi tatizo hili. Kunaongeza tu idadi ya watu wa kusimama.

Wenzetu walishajaribu. Shirika la Computer Aid la Uingereza lilibuni ZubaBox, kontena lenye tarakilishi na umeme wa jua, na hukaa watu hadi 11. Samsung nao mwaka 2011 walionyesha huko Afrika Kusini darasa la intaneti la umeme wa jua ndani ya kontena la mita 12, la wanafunzi 21. Kwa hiyo ukizidisha urefu mara mbili unapata viti mara mbili, basi. Hakuna faida ya ziada. Gharama za kulifikisha na kuliweka ndizo haziendi kwa mpangilio huo.

Ardhi yetu ilivyokatwa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii hiyo ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Shamba la babu liligawiwa wana, wana wakagawia wao, na kila mgawo ulifuata njia ile ile: kipande chembamba kinachoanzia barabara ya juu mgongoni mwa kilima na kuteremka hadi mtoni, ili kila mmoja apate barabara na kila mmoja apate maji.

Hapo ndipo kontena refu linapokwama. Chukua mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 5, jambo ambalo si ajabu upande wa Manga. Ukililaza la futi 40 kufuata mteremko, ncha moja inakuwa juu ya nyingine kwa mita 2.4, yaani karibu kimo chote cha kontena lenyewe. Utachimba au utajenga nguzo, na pesa za ofisi zitaishia kwenye mawe na saruji. La futi 20 ni mita 1.2.

Njia ya busara ni kulilaza likikata mteremko, kwa sababu hapo unasawazisha upana wa mita 2.44 tu, kama nusu mita ya kuchimba. Lakini kumbuka sura ya kipande chetu. Kukata mteremko maana yake ni kutoka mpaka hadi mpaka. Kipande cha upana wa mita 15 ukikilaza kontena la mita 12.19, umebakisha chini ya mita 3. Hapo ng'ombe wapite, mama apite kwenda mtoni, na ndugu aliye nyuma yako apitishe mawe ya nyumba yake. La futi 20 linabakisha karibu mita 9. Ukoo umeshagombana kwa mambo madogo kuliko hayo. Mpaka wa shamba kwetu si mstari wa kuchezea, na kontena likishatua, kulisogeza hatua mbili si kazi ya vijana wanne na kamba.

Kipimo cha lori la majani chai

Kontena la futi 40 hubebwa na trela ambayo, pamoja na kichwa chake, ina urefu wa karibu mita 16. Kwenye A1 inayopita Kisii mjini haina shida. Kwenye lami ya kutoka Sotik hadi Keroka haina shida. Shida inaanza unapoiacha lami: kona ya kwanza yenye mtaro, daraja la mabomba mawili, mkaratusi ulioinamia barabara, na nyaya za stima zilizolegea. Jumlisha kimo cha trela na cha kontena, uko karibu mita 4 kutoka ardhini.

Mimi hutumia kipimo rahisi. Nauliza: lori la majani chai hufika hapo? Hata siku ya mvua? Nyamira yote, kuanzia Kebirigo hadi Sanganyi na Nyansiongo, barabara za ndani zinajulikana na malori yanayokusanya majani kwenye vituo na kuyapeleka viwandani. Hayo ni malori ya mwili mmoja, hayana trela. Likifika lori la majani chai, kwa kawaida lori la kubeba futi 20 nalo litafika, na likiwa na kreni yake litashusha mzigo bila msaada. La futi 40 mara nyingi linataka kreni kubwa ya kukodi, na kreni nayo inataka mahali pa kusimama.

Mawili yanashinda moja

Sisi waandishi wa programu tunalijua hili. Kazi ikiongezeka, mara nyingi ni nafuu kuongeza mashine ya pili kuliko kununua moja kubwa kupita kiasi. Makontena ni vivyo hivyo.

Weka mawili ya futi 20 sambamba, uache mita 3 katikati, kisha uezeke yote kwa paa moja la mabati. Yale mawili yanakupa mita mraba 28, sawa na la futi 40. Pale katikati umepata nyingine 18 bila kununua chuma: mahali pa wateja kungojea, pa kufundishia, pa kunywea chai. Moja liwe la kazi ya utulivu, lingine la wanafunzi wenye kelele. Tena unaweza kuanza na moja mwaka huu, la pili ukalinunua biashara ikishasimama. Nusu ya kontena la futi 40 huwezi kununua.

Kuna pingamizi moja la haki: bei ya la futi 40 kwa kawaida haifiki mara mbili ya la futi 20, kwa hiyo kila mita inaonekana rahisi. Ni kweli pale uwanjani linapouzwa. Ongeza usafiri wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, kreni, kusawazisha ardhi, na vyuma vya kuimarisha ubavu. Ndiyo, vyuma. Zile kuta za mikunjo ndizo zinazobeba uzito, na ukikata dirisha refu kwenye ubavu wa mita 12 bila fremu, litaanza kulegea katikati.

Mvua ndiyo mpangaji mwenzako

Starehe ya kweli huku haitokani na urefu, inatokana na paa. Tunapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri, wakati ule ule mteja wa ng'ambo anapotaka kuongea nawe kwa video. Ndani ya chuma kitupu hutasikia neno. Inua paa la pili la mabati juu ya kontena, uache nafasi ya hewa, weka na dari. Kwa ukubwa wa kontena la futi 20 peke yake, paa linaweza kukinga zaidi ya lita 20,000 kwa mwaka. Nunua tangi.

Halafu kuna radi. Huku si jambo la mzaha. Unganisha chuma cha kontena na ardhi kwa waya wa shaba kabla hujawasha hata taa moja. Kuhusu umeme, juu ya futi 20 zinaenea paneli tano kubwa za wati 550, yaani wati 2,750 jua likiwa kali. Laptopu kumi hazifikishi hata robo tatu ya wati elfu moja. Intaneti nayo si sababu tena ya kung'ang'ania mjini. Tangu Starlink ianze huduma Kenya Julai 2023, hata bonde lisilo na nyaya lina njia.

Je, futi 40 haifai kabisa?

Inafaa. Kama ploti yako iko kando ya lami, ni tambarare, na unataka vibanda vinne vya kupangisha vinavyotazama barabara, chukua la futi 40 ulikate milango. Hapo ule urefu ndio biashara yenyewe.

Na kama ardhi ni yako, ina hati na hutaki kuhama, achana na kontena kabisa. Tofali tunachoma hapa hapa, mafundi wapo, na nyumba ya tofali hainguruma mvua ikinyesha. Vyovyote utakavyochagua, sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti, kwa hiyo pitia huko mapema.

Kontena lina faida moja tu inayolizidi tofali: linaweza kuondoka. Vijana wengi wanaoniuliza wako kwenye ploti ya kukodi, au kwenye shamba ambalo baba bado hajagawa. Siku mwenye ploti atakapopandisha kodi, au wazee watakapokaa kugawa shamba na mstari ukapita kwingine, atakayeokoka ni yule ambaye ofisi yake inaweza kupanda lori asubuhi na kufunguliwa kwingine jioni. Ukinunua kontena lisiloweza kutoka pale lilipoingia, umenunua nyumba mbovu ya chuma kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, chukua futi ya fundi na upime vitu vinne: kona iliyo mbaya zaidi njiani, waya ulio chini zaidi, upana wa kipande kutoka mpaka hadi mpaka, na mteremko. Kisha nunua kontena linalopita kwenye vyote vinne mara mbili, likiingia na likitoka.