Fundi wa hewa ndani ya shimo, nani alimpima?

Mchimbaji wa kwetu anaombwa karti. Sheria ya madini ya mwaka 2002, ile walibadilisha tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema wazi: uwe Mukongomani, uwe mtu mzima, uingie ndani ya koperative, na karti yenyewe unairudilia kila mwaka. Sawa, hatukatai. Lakini sisi watu wa Munigi, wenye waume na vijana wetu wako Rubaya na Walikale, tuko na ulizo moja: yule anayekuja na motere na mpira wa kupitisha hewa mpaka chini, yeye anaonyesha karti gani?

Mara nyingi hakuna. Mwenye shimo anatafuta kijana anayejua kuwasha motere, anamlipa, basi. Jana alikuwa anatengeneza pikipiki, leo njo fundi wa hewa.

Asiyejua mashimo atasema hewa ni hewa tu. Sisi wa Goma tunajua mazuku. Upande wa Lac Vert na Bulengo, watoto wanakatazwa kushuka mabondeni asubuhi mapema, sababu ile gazi ni nzito kuliko hewa, inalala chini, haina rangi. Mbuzi anaanguka kwanza, kisha yule aliyemfuata. Shimo la mita 20 ni bonde lile lile, ila mtu amelichimba mwenyewe. Na motere ya esansi inaleta gazi ingine ndani ya moshi wake, nayo haionekani wala haina harufu. Ukiweka motere karibu na mdomo wa shimo, upepo ukageuka, ile mashini inavuta moshi wake yenyewe na kuutuma kwa watu chini. Ukishusha motere ndani ya shimo, hiyo hata tusiongee. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mwenzako anadhani umechoka tu. Anayeshuka mbio kukutoa, naye anabaki pale pale.

Hayo si uchawi, hata kama kwenye matanga wako wangali wanasema hivyo. Ni kazi ya kujifunza: motere inakaa wapi, mpira uwe na upana gani kwa urefu ule, hewa mbaya inatokea wapi, na motere ikizimika watu wanaitwa namna gani ili wapande.

Kule California, Marekani, mtu anayetaka kuweka mashini za joto na baridi ndani ya nyumba za watu anaomba leseni wanaita C-20. Anaonyesha miaka 4 ya kazi, kisha anapita mtihani. Kenya nako, tangu sheria ya 2011, makontrata wa ujenzi wanajiandikisha kwa National Construction Authority, na wenye kuweka mashini za hewa ndani ya majengo wamo. Pale mara nyingi ni juu ya mtu kulala vizuri wakati wa jua. Kwetu ni juu ya kupanda mzima jioni.

Tunasikia tayari: karti ingine tena? Franga ingine tena? Wanaosema hivyo wako na haki. Karti ya kununua ofisini, bila mtu kuona shimo, haitamsaidia hata mmoja. Tunayoomba ni mtihani kwenye shimo lenyewe. Koperative iite SAEMAPE, ile kazi yake ni kusindikiza wachimbaji wadogo, fundi awashe motere mbele yao, aeleze, ajibu. Akishindwa, arudi kujifunza. Malipo yatoke kwa mwenye shimo, si kwa mchimbaji. Na jina la fundi liandikwe ndani ya kitabu cha koperative, ili siku ya mabaya ijulikane nani aliweka ile hewa.

Wengine watatuambia sheria haikubali mchimbaji mdogo apite mita 30, kwa hiyo mashini haina haja. Gazi haingoji mita 30.

Sisi bamama tunaobaki hapa kuvunja mawe ya volkano hatuna nguvu ya kufunga shimo. Lakini kijana akikuja kuaga, tunaweza kumuuliza jina la fundi wa hewa kule anaenda, na nani alimpima. Kama hajui, apige simu kwanza, aulize, mbele ya kupanda gari.