Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, tunapiga makofi. Kijana wa Bukene aliyefaulu anapongezwa jumuiyani, na Jumapili anasimamishwa kanisani. Baada ya hapo anaachwa peke yake na kazi ya kuomba mkopo, ambayo kwa wengine ni ngumu kuliko mtihani wenyewe.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ili mtoto wa mkulima wa mpunga naye asome chuo kikuu. Lengo ni jema. Lakini maombi hufanyika mtandaoni, kwa muda maalumu, nayo yanadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Hapo ndipo wengi hukwama. Vijijini tunazika kwa heshima na tunakaa matanga, lakini mara nyingi kifo hakisajiliwi. Miaka kumi baadaye mtoto anatakiwa athibitishe kwamba baba yake alifariki. Asiye na karatasi hahesabiwi yatima.

Wapo wanaosema hilo ni jukumu la Serikali na familia. Ni kweli, lakini sisi je? Jumuiya zetu ndogo ndogo huchangia harusi, jubilei na upadrisho. Mimi ni mseminari, najua siku yangu ikifika nitachangiwa. Je, jumuiya hiyohiyo haiwezi kuchangia nauli ya kwenda Nzega kufuatilia cheti? Je, mwalimu mmoja wa parokia hawezi kukaa na vijana hawa tangu wakiwa kidato cha tano, wakusanye nyaraka mapema?

Tuwaambie pia kwamba mkopo si zawadi. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Marejesho hukopeshwa wanafunzi wengine. Anayekwepa kulipa anamnyima mdogo wake aliye bado sekondari. Dawa ya deni ni kulipa.

Viongozi wa jumuiya, mkutanapo wiki hii ulizeni swali moja: ni watoto wangapi kati yetu hawana cheti cha kuzaliwa? Anzeni na hao.