Mama na mwalimu wakitofautiana, nani asadikiwe?

Mama asema mtoto wake wa miaka mitatu hageuki akiitwa jina. Mwalimu wa chekechea asema hugeuka. Daktari naye, aliyekaa na mtoto huyo nusu saa tu, haoni kasoro yoyote. Je, msomaji, nani anayesema uongo?

Kwa maoni yangu, huenda hakuna. Mtoto mwenye usonji aweza kutulia darasani kwenye ratiba isiyobadilika, kisha akavurugika nyumbani kwenye wageni na kelele za televisheni. Kila mmoja ameona kipande chake.

Mnamo 1987, Thomas Achenbach na wenzake huko Marekani walijumlisha matokeo ya tafiti 119 kuhusu tabia za watoto kwa jumla. Katika kipimo ambacho 1 ni kuafikiana kikamilifu, wanaomwona mtoto mahali pamoja, kama vile baba na mama, walipata 0.60. Wanaomwona mahali tofauti, kama vile mzazi na mwalimu, walipata 0.28 pekee.

Kwa hivyo ni makosa kumpuuza mama eti kwa kuwa wengine hawakuona alichoona. Anayeumia ni mtoto, kwani hupoteza miezi ambayo angefunzwa kuwasiliana.

Nawe mzazi, usiseme tu "ni msumbufu". Andika: nilimwita mara tano, akageuka mara moja, redio ikiwa imezimwa. Mwombe mwalimu na yaya waandike vivyo hivyo, kila mtu peke yake. Kisha peleka karatasi zote kliniki. Pale zinapotofautiana ndipo daktari anapofaa kuuliza zaidi.