Anguko Lililodhaniwa Mchezo



Jumamosi iliyopita, baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja alipanda ukuta wa uwanja wetu hapa Mabibo, akanyoosha mikono kama wafanyavyo wanamieleka wa Marekani, akamrukia mwenzake aliyelala mchangani. Alimkosa, akaangukia bega, nalo likateguka. Alipolia, wenzake walishangilia. Mmoja alipiga magoti, akawa anapiga ardhi kwa kiganja na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Zilipita dakika kadhaa kabla ya msichana mmoja kuja kutuita. Tulipouliza sababu ya kuchelewa, tulijibiwa kwa unyofu kabisa: “Padri, tulidhani anaigiza.”

Hatuandiki ili kuilaani mieleka. Sisi wenyewe, enzi za seminari ndogo, wakati wa likizo tulibanana kwenye mabenchi ya banda la video na kushangilia hadi sauti kukauka (mlezi wetu hakujua). Wala kuwaambia watoto kwamba mambo yale ni ya kupangwa si kuwaambia jipya: kampuni yenyewe, inayoitwa WWE siku hizi, ilikiri mwaka 1989 mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba inafanya burudani, si mashindano.

Linalotusumbua ni lile jibu la watoto, maana tumewahi kusoma habari inayofanana nalo.

WrestleMania ya kwanza ilifanyika New York tarehe 31 Machi 1985, Jumapili ya Matawi. Wengi waliilipia ili kuitazama katika kumbi zilizowekewa luninga, ambazo hazikutofautiana sana na mabanda yetu isipokuwa kwa ukubwa. Baadaye desturi ikawa kulipia tamasha moja moja ukiwa nyumbani. Tamasha la namna hiyo lilifanyika Kansas City tarehe 23 Mei 1999, siku ambayo Kanisa liliadhimisha Pentekoste. Mwanamieleka Owen Hart, mwenye umri wa miaka 34, mume na baba wa watoto wawili, alipangiwa kuteremshwa ulingoni kwa kamba kutoka darini, kwa ajili ya kichekesho tu. Kifungo kikaachia kabla ya wakati. Alianguka zaidi ya mita 20.

Mtangazaji alilazimika kuwaeleza watazamaji wa luninga kwamba lile halikuwa sehemu ya onyesho. Baadaye aliwatangazia pia kwamba Hart amefariki. Umati uliokuwamo ukumbini haukuambiwa. Wanamieleka wengine wakapanda ulingo uleule, kengele ikapigwa, tamasha likaendelea hadi mwisho. Watu walikwisha kulipa.

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake kwenda kuwatazama wapiganaji wa Roma. Alipio aliketi amefumba macho, akijiamini. Umati ulipopiga kelele akayafumbua, na tangu hapo akawa ndiye anayewavuta wengine kwenda. Hakumpiga mtu hata kofi. Kilichojeruhiwa kwake ni jicho, na jicho lililozoea maumivu ya kuigiza huchelewa kuyatambua yaliyo ya kweli. Watoto wetu hawakukosa huruma. Walikosa kutambua kwamba wakati wa huruma umefika.

Baadhi ya wazazi wanatutaka tuwapige marufuku watoto kutazama. Hatutafanya hivyo. Siku hizi banda limo ndani ya simu, na marufuku yetu itaishia getini. Tungependa zaidi mzazi aketi na mtoto, atazame naye tamasha moja, kisha amsimulie habari za Owen Hart na kumsikiliza anavyosema.

Kijana wetu anaendelea vizuri, ingawa mkono bado umefungwa kwa kitambaa. Aliyekuwa akihesabu alikwenda kumwona siku ya Jumatano, akiwa na machungwa mawili. Wazazi wa watoto wa Kipaimara tunawaomba wabaki kidogo Jumapili hii baada ya Misa ya pili.